Neno la Siri Halisomwi kwa Kipaza Sauti

Mheshimiwa mgeni rasmi, uliyetoka boma, makao ya wilaya, kuja kukaa nasi, mwakilishi wa Chifu, Baba Padri, Mwenyekiti wa Umoja wa Wachuuzi na Wavuvi pamoja na kamati yako, Mwalimu Mwelwa, ambaye tunakuaga leo, wazazi wa pande zote mbili za ziwa, bamama mlioacha samaki juani mkaja, wanafunzi wenzangu: ninawasalimu kila mmoja kwa heshima yake.

Mimi ni Arlène, mwanafunzi wa darasa la kumi. Mama yangu huuza samaki wakavu kati ya Kilwa, ng'ambo ya ziwa, na Kashikishi ya upande huu, ndiyo sababu nimeambiwa niseme Kiswahili, lugha tunayosikilizana nayo sokoni, wa ng'ambo na wa hapa. Klabu ya kompyuta ilinituma kutoa shukrani kwa Mwalimu Mwelwa, anayehamia Mansa. Nimeziandika shukrani hizo tena na tena, na kila mara zimegeuka malalamiko. Mtanisamehe. Nimeziacha zilivyo.

Mwalimu Mwelwa alituletea nini? Wengi mnasema alileta kompyuta. Kompyuta ilitolewa na jimbo, tena ilikuwa kuukuu. Yeye aliipakata mapajani njia nzima kutoka Mansa ili vumbi na mashimo visiiue. Kisha akaiwekea programu iitwayo Linux, ambayo haiuzwi, ambayo watu wa nchi nyingi huitengeneza pamoja na kuiacha wazi kwa yeyote anayetaka kuisoma au kuirekebisha. Akaifanya seva, yaani mashine inayotunza kazi na barua za watu wengi. Laini ya simu ikiwa nzima, seva yenyewe inapiga simu Lusaka, inapeleka barua zetu na kurudi na majibu. Mtu wa hapa Kabuta akaweza kumwandikia ndugu yake aliye Lubumbashi na kujibiwa wiki hiyo hiyo, wakati vita vimefunga barabara na hakuna lori linalopita. Je, hilo ni jambo dogo?

Mwalimu akampa kila mwanachama, wa klabu na wa Umoja, akaunti yake na neno lake la siri. Pia akafunga kila mlango wa mashine ambao hatukuwa na kazi nao, ili mtu wa mbali asiingie kwa njia ya simu. Kwa majuma mengi alikuwa akiufunga mlango mmoja, akijaribu kuuvunja mwenyewe, akishindwa, ndipo akitabasamu. Alijilinda na watu wa mbali wote. Hakujilinda na sisi.

Mnakumbuka siku ya ufunguzi. Hapa kwetu mwenye kushika funguo za mali ya wote huzikabidhi mbele ya watu. Funguo za ghala la nyavu huinuliwa juu, huhesabiwa, hutajwa, ili kesho asije mtu akasema kulikuwa na ufunguo wa kificho. Ni desturi nzuri, na imezuia ugomvi mwingi. Basi siku ile Ba Kapembwa, katibu wa kamati ya Umoja, alimwomba Mwalimu akabidhi ufunguo mkuu wa seva, yaani neno la siri la mkubwa wa mashine, ambalo mwenye kulijua hufungua kila kitu na kufuta kila kitu. Mwalimu akalikabidhi kwenye karatasi, akidhani litawekwa kabatini. Ba Kapembwa akalisoma kwa kipaza sauti. Akalisoma kwa Kibemba, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, na Baba Padri akaombwa alitamke kwa Kifaransa. Mkapiga makofi. Mimi pia nilipiga makofi, kisha nikamtazama Mwalimu, nikaacha.

Tangu siku hiyo nani alitumia akaunti yake ndogo? Hakuna. Mtu alikuwa akiniambia, "Mutoto, nibebe lufungulo ya kidogo juu ya nini, na ile ya mukubwa balishatangaza?" Kila mtu akaingia kama mkubwa wa mashine, hata anayetaka kujua tu bei ya chumvi.

Mashine ikaheshimiwa kama mgeni. Ikavikwa kitambaa cha kushonwa kwa mkono, kama redio ya sebuleni, ikashindwa kupumua hadi ikanuka moto. Mwalimu akakitoa. Kikarudishwa, safari hii kimepigwa pasi. Tuliposikia kwamba Mheshimiwa angekuja kututembelea, tukafagia uwanja, tukapaka mawe chokaa, na kamati ikaona mashine nayo isafishwe. Wakaingia kwa ufunguo mkuu, wakatafuta majina ya mafaili wasiyoyajua, wakayafuta. Mheshimiwa, ulipofika siku ile uliambiwa kwamba laini ya simu ilikuwa mbovu. Laini ilikuwa nzima. Seva ndiyo iliyokuwa haijui tena hata kuamka. Mwalimu aliiweka programu upya kuanzia mwanzo, kutoka kwenye sahani zake za sidi, akiwa na malaria, na aliponiona nimekasirika alisema tu, "Leta ile sidi ya pili." Lakini katika usafi ule zilipotea barua ambazo hakuna sidi inayoweza kuzirudisha.

Hayo yote ningeyanyamazia. Siwezi kuyanyamazia ya Mama Yolande, na ameniruhusu kuyasema.

Mama Yolande alikuwa akingoja habari za kaka yake wa Lubumbashi, aliyekuwa mgonjwa. Barua ilifika siku ya soko. Mama mmoja, ambaye sitamtaja na ambaye ana moyo mwema kuliko wengi wetu, alikuwa mezani akitafuta barua yake mwenyewe kwa ufunguo mkuu, akaiona ile ya mwenzake, akaisoma. Kaka alikuwa amefariki. Je, angenyamaza? Hapa kwetu aliyefiwa haachwi peke yake hata kidogo. Basi wakakusanya kuni na unga, wakavua viatu, wakaenda kwake wakilia tangu njiani.

Mama Yolande alikuwa uani akisuka nywele za binti yake. Aliwaona, akasimama, akauliza, "Jirani, nani njo alikufa?"

"Yaya," mmoja wao akamwita kama dada yake mkubwa, "pole. Tunakuya kulia na weye."

"Kulia na mie juu ya nini? Ni kwa nani kuko kilio? Ngojeni basi nivae kitenge, twende wote."

Alikwenda ndani kuvaa. Wanawake wale walibaki uani na kuni vichwani, hakuna aliyejua nani amfuate ndani kumwambia. Nilikuwepo na mama yangu. Mheshimiwa, sijawahi kuona watu wema wakitamani ardhi iwafunike namna ile.

Tangu hapo Mama Yolande hakurudi kwenye chumba cha kompyuta. Wifi yake, mjane wa kaka huyo, na watoto bado wako ng'ambo, wanahitaji kuambiwa wavukie wapi na nani atawapokea. Habari hizo amekuwa akizituma kwa midomo ya wachuuzi, na zimefika zikiwa zimegeuzwa. Mara mbili watoto wamengojewa kwenye ufukwe usio wao. Ameniambia hivi: siku barua yake itakapokuwa yake, ataandika.

Sasa tuje kwenye leo. Mkiangalia ratiba, baada ya hotuba yangu pameandikwa: kukabidhi neno la siri mbele ya umma. Jana nilimwendea Ba Kapembwa.

"Ba Kapembwa," nikasema, "neno la siri, na mwaka huu litasomwa?"

"Na litasomwa na wewe. Una sauti nzuri."

"Siwezi, Ba Kapembwa."

"Mwalimu mwenyewe anasema programu hii ni ya wazi, yeyote aisome. Sasa siri ya nini? Mmeficha nini humo?"

"Jinsi ya kutengeneza kufuli inajulikana na kila fundi pale Kashikishi. Ufunguo wa nyumba yako umewagawia?"

Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mtoto wa shule, unanifundisha? Pasipo makabidhiano, kamati itairudisha mashine jimboni. Hatutaki kitu cha wote chenye mlango wa mtu mmoja."

Ba Kapembwa, hofu yako naielewa, na ni ya haki. Kwa hiyo nakuambia mbele ya umma huu yaliyofanyika asubuhi. Mwalimu Mwelwa alimkalisha Mwalimu Bwalya, anayebaki nasi, mbele ya seva, akampa kiti chake, akatoka nje. Mwalimu Bwalya akaandika neno jipya. Mimi silijui. Mwenyekiti halijui. Mtu wa kwanza kufungiwa nje ya mashine hii ni yule aliyeijenga, na alitaka iwe hivyo. Ni nani kati yetu ameondoka mahali akiwa amejinyang'anya ufunguo namna hiyo? Natumaini siku moja nitakuwa fundi wa namna yake.

Mwalimu Mwelwa, tunakushukuru. Nimeshindwa kukushukuru vizuri zaidi ya hapa.

Basi makabidhiano yatafanyika, ila kwa namna nyingine. Seva tumeileta hapa mezani, na barua za kila mtu zitafunguka kwa neno lake peke yake. Wanachama watakuja mmoja mmoja, kila mtu ataandika neno lake jipya mbele yenu nyote, na ninyi hamtaliona. Najua kumpa mtu mgongo ni utovu wa adabu. Leo ndiyo adabu yenyewe. Kwa unyenyekevu namwomba Mheshimiwa aanze, ageuze kiti chake kielekee ziwani, kisha Chifu kwa mwakilishi wake, kisha Baba Padri, kisha Mwenyekiti, nasi sote kwa kufuatana.

Ba Kapembwa, na wewe.

Asanteni kwa kunivumilia kwa masikio yenu; sasa naomba na migongo yenu. Mama Yolande, karibu mezani. Hakuna anayekutazama.