Vijiti Viwili vya Mkonge

Ndugu zangu wa Kimamba, sifa zote zimrudie Bwana asubuhi hii! Mnaonijua mnajua Neema fundi cherehani si mtu wa kutulia. Leo nashuhudia jinsi Mungu alivyonituliza.

Wakati haya yananipata, mama yangu alikuwa hai. Tuliishi kwenye zile nyumba za kambi ya mkonge, milango ikitazamana, chumvi ikiombwa kwa kuita tu dirishani. Jamani, nimeyakumbuka maisha yale! Nilikuwa msichana mwenye cherehani moja, na mkono huu wa kulia ndio uliotulisha mimi na mama.

Siku moja navuka reli kwa baiskeli, nimebeba vitambaa vya harusi, naimba. Gurudumu likanasa kwenye chuma, nikaangukia mkono. Nilifika nyumbani nimeushikilia, umepinda chini ya kiwiko.

Mnajua desturi yetu: ukiumia, unakandwa. Mama akabandika maji ya chumvi. Nami nikamhimiza, "Kanda haraka mama, nina magauni ya watu!" Ndugu zangu, niliomba kuharibiwa kwa mdomo wangu mwenyewe!

Ndipo akatoka Mzee Salumu, jirani yetu Mwislamu, aliyewahi kuhudumia majeruhi wa mashine za mkonge.

"Shikamoo mzee," nikasema huku nalia.

"Marahaba, mwanangu. Mama Neema, usimguse! Huo umevunjika. Ukiukanda, hatashona tena."

"Mimi nimekanda watoto wa kambi nzima!" mama akafoka.

"Hata wangu umewakanda, nakushukuru. Huyu mwache."

Mama akaepua maji yake, na mzee akapasua mlingoti mkavu wa mkonge, ule mwepesi tunaojengea mabanda ya kuku. Akanivua bangili. Hakuunyoosha mkono, aliuacha ulivyolala. Akazungushia khanga kuukuu ya mama, akaweka kijiti huku na huku, kuanzia kwenye kiwiko hadi kiganjani, akafunga juu na chini ya palipovunjika. Kisha akaniminya kucha kuona kama damu inarudi, akalegeza fundo moja. Kwa khanga ya pili akauning'iniza mkono shingoni mwangu. Tukapanda mshikaki kwenye bodaboda hadi Kilosa, mimi katikati, mama nyuma akinikumbatia. Bado nausikia mpigo wa moyo wake mgongoni mwangu.

Daktari alitazama picha, akauliza nani kafunga vile. Akasema ncha ya mfupa ilikuwa jirani kabisa na mshipa. Ningekandwa, vidole hivi vingekufa. Mama akaketi sakafuni, akalia kwa sauti. Aleluya!

Wiki zile za kukaa bila kazi nilimnung'unikia Mungu sana. Nilitaka kuponywa nikiwa nakimbia! Kila jioni Mzee Salumu alipita, akaniminya kucha, akasema, "Tulia, binti." Nikatulia. Magauni ya harusi mama aliyamalizia kwa mkono, mishono imepinda, na bibi harusi na wapambe wake wakayavaa hivyo hivyo.

Leo wote wawili wametangulia. Mama nilimshonea sanda yake kwa mkono huu. Familia ya Mzee Salumu nayo ilikuja kuniomba nimshonee ya kwake, nikashona. Namshukuru Mungu aliyeniachia vidole vya kuwafanyia hilo.

Ndugu yangu, kama umevunjika leo, acha kujikanda mwenyewe. Kubali Bwana akufunge, na ukae umefungwa mpaka akufungue Yeye. Vijiti vyangu ninavyo bado, viko chini ya cherehani. Ukija kupimwa gauni, niombe nikuoneshe.