Bwana Karatasi na Kitufe cha Kabati

Bwana Karatasi anastaafu Ijumaa hii, baada ya kukaa nasi miaka kumi na tisa. Wamesema maneno ya kumuaga niandike mimi, mama wa chai, kwa kuwa hakuna aliyejaribu karatasi zake kunishinda. Shule yangu ni ndogo, mnivumilie.

Kazi yake ilikuwa kuangalia tovuti yetu ya kufundisha kompyuta isimtupe anayeanza. Kabla mafundi hawajatengeneza ukurasa, yeye aliuchora kwa penseli, akaniita niache birika. Nabonyeza kwa kidole kitufe alichokichora, naye anabadilisha karatasi chapuchapu, eti yeye ndiye kompyuta. Siku moja kidole kilikuwa kimelowa, akalalamika kwamba kompyuta yake imekunywa chai. Nikikwama hasaidii ng'o, anaandika tu. Alizoea kusema pale ninapokwama ndipo kazi yake inapoanzia.

Sasa hili linanichoma. Miaka minne iliyopita tulijaribu somo la kuhifadhi barua. Binti yangu alikuwa ameajiriwa hapa wiki ileile, amesimama nyuma yangu na wenzake. Kitufe cha kuhifadhi kilikuwa kipicha tu, kama kabati dogo, hakina neno. Sikujua ni kitu gani. Lakini asubuhi, nikifuta meza, nilikuwa nimeliona jibu kwenye karatasi zake. Niliona aibu mwanangu anione mama yake hajui kitu. Nikabonyeza palepale, kama mtaalamu. Wakanipigia makofi.

Ukurasa ukatoka vilevile. Watu wakaandika barua, wasijue kabati ni la nini, zikapotea. Mama mmoja alipiga simu analia: barua ya kuomba kazi, siku nzima anadonoa herufi mojamoja. Mkubwa wetu akamsema Bwana Karatasi mbele ya watu wote, kwamba hajui kupima. Mimi nilikuwa napitisha vikombe. Nikaendelea kuvipitisha. Yeye akasema kosa ni lake, akaenda kuchora upya, akaandika "Hifadhi" chini ya kabati.

Bwana Karatasi, kosa lilikuwa langu. Wenzangu, na wewe mwanangu, mjue hivyo kabla hajaondoka.

Asante, Bwana, kwa kazi yako leo namwandikia dada yangu barua mwenyewe. Kapumzike, ule vizuri, na dawa za presha usiziruke. Ila Ijumaa, kabla ya chai, njoo na ile karatasi ya zamani, isiyo na neno. Nitakaa mbele ya wote, na nitakwama.