Shangazi Kidole na Kopo la Thelathini na Tisa

Baada ya miaka thelathini na minne katika maabara yetu ya udongo, fundi sanifu mkuu anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Jina lake kamili limo kwenye faili la utumishi. Sisi tunamwita Shangazi Kidole, na mkurugenzi naye akijisahau kikaoni humwita hivyo hivyo.

Alianza kwa kuosha makopo na kuchekecha sampuli. Haukupita muda akawa anaulowesha udongo kiganjani, anausokota kwa vidole viwili, kisha anatamka: kichanga, tifutifu, mfinyanzi. Mashine mpya ilipoletwa ilichukua siku mbili kukubaliana naye. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Mimi nisingekuwa hapa leo kama si yeye. Mwezi wangu wa kwanza, kwa kiherehere cha kuharakisha kazi, nilifunua makopo thelathini na nane kwa mpigo. Lebo zote zilikuwa kwenye vifuniko. Wakulima walikuwa wanangoja majibu kabla ya mvua, nami nikaona ajira yangu imeota mbawa.

Shangazi, mafua yamembana, alivuta kiti, akafungua daftari la mashambani, lililoandikwa udongo wa kila shamba ulivyo, akaanza kusokota. Kufikia jioni kila kopo lilikuwa na kifuniko chake, na mashine ilipopima upya haikupata kosa. Ila lilizidi kopo moja lisilo na shamba. Alilisifu kweli kweli: udongo laini, una rutuba ya ajabu, mkulima wake apewe hongera. Ilikuwa kakao ya mkurugenzi.

Tangu siku hiyo lebo hubandikwa kwenye kopo lenyewe, na kakao ni marufuku maabarani.

Sasa meza yake nimeachiwa mimi, na nakiri niliogopa sana. Wiki iliyopita alinipangia makopo kumi na mawili yasiyo na lebo, akasimama nyuma yangu. Kumi na moja niliyasokota, nikapatia. La mwisho nilisita, nikalipeleka puani kwanza. Kakao!

Alicheka hadi akashikilia meza. Kisha akafuta vidole kwenye koti lake jeupe, akasema, "Haya, sasa naweza kwenda nyumbani."

Nenda, Shangazi, na asante kwa yote. Tunakuombea afya, raha tele na wajukuu wasumbufu kiasi. Udongo wa bustani yako usiwe na kazi nyingine ila kukuchafua kucha.