Wasifu wa Mzee Tarehe, Fundi Aliyezisaka Programu za Zamani

Marehemu alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 14 Novemba 1951, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa baba mwashi na mama mshonaji. Mama yake alizoea kusema kwamba huyu alianza wasiwasi kabla ya kuanza shule. Akiwa na miaka minne alikuwa akishuka kitandani kuangalia kama mlango umefungwa, anarudi, analala kidogo, kisha anashuka tena kuhakikisha kwamba mara ya kwanza aliangalia sawasawa.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959 hadi 1966, na sekondari hadi 1970. Siku ya mtihani wa mwisho alifika nyumbani, akavua viatu, akavivaa tena na kurudi shuleni kwa miguu kumuuliza mwalimu kama alikuwa ameandika jina lake kwenye karatasi. Mwalimu akafungua bahasha akamwonyesha. "Umeandika, mwanangu. Umeandika mara mbili." Mwaka 1973 alihitimu chuo cha ufundi, fani ya vifaa vya umeme.

Tarehe 2 Januari 1974 aliajiriwa na hospitali ya wilaya kuwa fundi wa maabara. Hadubini, majokofu ya dawa, mashine za kuzungushia damu, vyote vilipita mikononi mwake kwa miaka thelathini na miwili, na kila alichokitengeneza alikirudia kukikagua hadi wauguzi wakamchoka.

Jumamosi ya tarehe 20 Agosti 1977 alifunga ndoa na mpokea simu wa hospitali hiyo hiyo. Mama yetu anasimulia kwamba walijuana kwa sauti kwanza. Kijana wa maabara alikuwa akipiga simu ya mezani kila asubuhi kuuliza kama laini inafanya kazi. Baada ya mwezi mzima mama akamjibu: "Kaka, laini ni nzima. Sema shida yako." Mungu aliwajalia watoto watatu.

Sehemu inayofuata ya maisha yake marehemu aliagiza isomwe yote, bila kupunguzwa. Aliiandikia maelekezo kwa mkono wake, akayapiga sahihi, na binti yake mkubwa, anayesoma wasifu huu, aliapa mbele yake kwamba hataruka mstari.

Mwaka 1998 hospitali ilianza kutumia programu ya kompyuta iliyoitwa Dozi. Mfamasia aliandika uzito wa mtoto, na programu ikampigia hesabu ya dawa na kuchapa lebo ya chupa. Marehemu ndiye aliyeipakua kutoka kwenye mtandao kwa laini ya simu, kazi ya asubuhi nzima, na ndiye aliyeiweka kwenye kompyuta ya chumba cha dawa.

Jumanne, tarehe 18 Mei 1999, aliletwa mtoto wa kilo kumi na moja na nusu. Mfamasia wa zamu, dada mmoja makini aliyependwa na akina mama kwa kuwaeleza dawa taratibu, aliandika uzito huo kwa mkato badala ya nukta: 11,5. Programu ikaumeza ule mkato, ikasoma kilo mia moja na kumi na tano. Lebo iliyotakiwa kusema kama nusu mililita ikasema karibu sita. Mtoto alilazwa siku tisa katika hali mbaya, na namshukuru Mungu kwa niaba ya baba yangu, maana hivyo ndivyo alivyoandika niseme, kwamba alipona.

Alhamisi, tarehe 3 Juni, katibu wa hospitali alimwita marehemu ofisini. "Nasikia hiyo programu ina toleo jipya. Liweke leo, mambo haya yasijirudie." Marehemu alilipakua toleo la tatu, akaliweka juu ya lile la pili, la zamani likafutika. Betri ya saa ya ndani ya kompyuta ile ilikuwa imekufa miezi mingi, na kila ilipowashwa ilijiona iko tarehe 1 Januari 1980. Faili nalo likavishwa tarehe hiyo hiyo.

Kamati ya uchunguzi ilikaa mwezi Agosti. Wakaijaribu kompyuta mbele ya watu wote: wakaandika 11,5, programu ikakataa. Wakaandika tena, ikakataa tena. Mfamasia akasema siku ile haikukataa. Mwenyekiti akamgeukia marehemu.

"Fundi, hili ni toleo gani?"

"La tatu."

"Liliwekwa lini?"

Marehemu aliangalia kwenye kioo. Faili lilisema 1980, na watu wawili watatu wakacheka. Katibu wa hospitali alikuwa amekaa mkabala naye, kalamu mkononi, anamtazama. Nyumbani kulikuwa na watoto watatu wanaosoma. Akasema: "Sikumbuki vizuri."

Alikuwa anakumbuka. Alikumbuka siku, saa, hata shati alilovaa. Mfamasia alifukuzwa kazi na jina lake likafutwa kwenye daftari la wafamasia, kwa madai kwamba aliandika uzito wa uongo kisha akasingizia mashine.

Toka siku hiyo baba hakutulia. Sisi watoto tulidhani ni shinikizo la damu, na kweli lilikuwepo. Alikuwa akila nusu sahani anasimama. Ukimuuliza tarehe ya leo, swali dogo tu, anabadilika uso.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2006, na Jumatatu iliyofuata akaanza kutafuta. Kompyuta ya chumba cha dawa ilikwishatupwa. Kampuni iliyotengeneza Dozi ilikwishafungwa, na tovuti yake haikufunguka. Alihitaji kupata toleo la tatu kama lilivyotoka kwa watengenezaji, likiwa na tarehe yake ya kuzaliwa. Kama lilitengenezwa baada ya tarehe 18 Mei, basi halikuwepo siku ile, na yule dada alisema kweli. Kama lilitengenezwa kabla, hakuna ushahidi. Na yeye mwenyewe hakujua ni lipi kati ya hayo mawili. Kwa miaka saba aliishi bila kujua.

Aliandikia watu asiowajua, wakusanyaji wa programu za zamani, wastaafu wenye makabati ya diski, wakutubi. Katika kutafuta akajifunza jambo lililomtia hofu zaidi: faili ni rahisi sana kulipotezea umri wake. Ukilipakua ovyo, linachukua tarehe ya leo. Ukilifungua na kulihifadhi, tarehe imekwenda. Akajifunza kupakua kwa namna inayobakiza tarehe ya kule lilikotoka. Akajifunza kupokea mafaili yakiwa ndani ya kifurushi kimoja kilichofungwa, maana kifurushi hutunza tarehe ya kila kilichomo kama bahasha inavyotunza barua. Kila faili lililopita kwake, hata lisilomhusu, aliliandikia kwenye daftari: limetoka kwa nani, lina tarehe gani, na tarehe hiyo ni ya mtengenezaji au ya mtu aliyelinakili njiani. Watu wa viwandani wakaanza kumtafuta wakitaka programu za mashine zao za zamani, na huko mtandaoni wakambatiza Mzee Tarehe. Jina likarudi mpaka mtaani.

Nyumbani tuliishi kwa tahadhari. Siku moja mama alipangusa vumbi akaziweka diski zake juu ya spika ya redio. Marehemu aliingia, akasimama mlangoni.

"Mama watoto, hapo umeziweka juu ya sumaku."

"Mimi nimeziwekea muziki," mama akasema. "Kila siku ziko kimya."

Alizikagua moja moja hadi jioni. Zilikuwa nzima. Mama aliomba radhi, ila mpaka leo anasema utani ule haukuwa mbaya.

Mwezi Februari 2013 mfamasia mstaafu wa nchi ya mbali alimjibu. Anazo Dozi mbili, toleo la pili na la tatu, alizozipakua enzi zile na hakuzigusa tena. Alizituma kwa barua pepe, zikafika na tarehe ya siku hiyo hiyo. Baba aliketi akizitazama kama mtu aliyepokea mgeni ambaye siye. Akamwandikia upya kwa adabu, akamwomba azifunge ndani ya kifurushi kutoka kwenye diski ya awali. Zikapita siku kumi na nane. Alikuwa akihesabu umri wa yule mzee, akihofia atafariki kabla ya kujibu.

Kifurushi kilipofika hakukifungua. Alinakili nakala tatu kwanza, akaomba mama akae karibu, ndipo akaangalia. Toleo la tatu: tarehe 27 Mei 1999, saa nne na dakika kumi na nne asubuhi. Siku tisa baada ya ajali. Kisha akaliwasha toleo la pili, akaandika 11,5. Halikukataa. Lilitoa jibu la karibu mililita sita. Mama anasema aliinuka akaenda uani akasimama huko.

Lakini tarehe mtu anaweza kuiandika mwenyewe, naye alijua mwanasheria yeyote atasema hivyo. Akatafuta nakala ya pili, na mwishoni mwa mwaka akaipata kwenye sidii iliyotolewa pamoja na jarida la wafamasia la Julai 1999, kitu kilichochapwa kiwandani kisichoweza kubadilishwa. Tarehe ilikuwa ile ile. Saa ilikuwa tofauti: saa sita na dakika kumi na nne. Saa mbili zilizozidi zilimnyima chakula karibu wiki nzima, hadi alipogundua kwamba nakala moja ilitunza saa ya kule ilikotengenezwa, na nyingine ilikuwa imehesabiwa upya kwa saa ya kule ilikochapwa. Dakika zilikuwa sawa kabisa.

Tarehe 9 Machi 2014 alikwenda na mama kwa yule mfamasia aliyefukuzwa. Alikuwa na duka dogo la kutoa fotokopi. Baba alimweleza kila kitu amesimama, ingawa alipewa kiti.

"Ulijua?" yule dada akamuuliza.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ile. Niliogopa kazi."

Akazima mashine ya fotokopi. "Mimi nilifikiri nimechanganyikiwa, Fundi. Miaka kumi na tano nafikiri labda niliandika vibaya kweli. Tokeni dukani kwangu, tafadhali."

Wakatoka. Wiki saba hakusema neno, na baba hakuthubutu kumsumbua. Halafu akapiga simu. "Njoo na hizo diski. Lakini maneno uliyoniambia mimi utayasema mbele yao. Usije ukasema hukumbuki."

Baraza la wafamasia lilikaa mwaka uliofuata. Mwanasheria wa baraza aliuliza kwa nini faili la hospitali lilibaki na tarehe ya 1980 na fundi hakusahihisha. Marehemu, miaka sitini na mitatu, mikono yote miwili juu ya meza, alisema: "Nilijua lini niliweka toleo la tatu. Ilikuwa Alhamisi, tarehe tatu Juni. Niliulizwa nikasema sikumbuki. Nilisema uongo." Tarehe 12 Oktoba 2015 jina la mfamasia lilirudishwa kwenye daftari. Alirudi kazini akafanya miaka minne, akastaafu kwa heshima.

Hilo halikumponya baba wasiwasi. Aliendelea kukusanya, akiamini kuna mwingine mahali fulani ambaye haki yake imelala ndani ya faili la zamani. Mwaka 2021 aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo. Alilazwa mara nne. Mwezi Februari mwaka huu, alipoona pumzi inapungua, alimtaka binti yake anakili mafaili yote, 4,312, kwa ajili ya maktaba ya chuo iliyokubali kuyatunza.

Binti alinakili siku mbili, akaangalia, akakuta yote 4,312 yana tarehe za siku hizo mbili. Alikwenda hospitali akamwambia.

"Ya asili umeyagusa?"

"Hapana, baba."

"Basi futa hizo nakala, anza upya. Na safari hii usiwe na haraka."

Alianza upya, kama alivyoelekezwa, kwa siku kumi na moja. Jumapili ya tarehe 5 Machi 2023, asubuhi, akamwambia kazi imekwisha.

"Yote?"

"Yote, baba."

"Umehakiki?"

"Mara mbili."

"Hakiki mara ya tatu."

Alifungua kompyuta pale pale kando ya kitanda akaanza. Marehemu alimwangalia kidogo, akageuka upande wa ukutani. Saa nane mchana muuguzi aliingia kumpima akatuambia ametutoka. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mmoja. Uhakiki wa tatu ulimalizika saa kumi na moja jioni. Yote yalikuwa sawa.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, dada mmoja na kaka wawili, pamoja na mafaili yake, ambayo maktaba imeyapokea jana. Mfamasia yuko hapa pamoja nasi. Ameomba itajwe tu kwamba amekuja.

Na apumzike sasa baba yetu, kwa ile amani ambayo hapa duniani hakuizoea.