Zima Mashine Nikwambie

Wasikilizaji wapendwa, habari za asubuhi. Kama una chai mkononi, inywe taratibu. Leo tunamkumbuka mtu aliyewaamsha watu wengi kuliko jogoo.

Jumatano iliyopita Mama Kipaza alilala na hakuamka. Ni moyo, wanasema madaktari. Alikuwa na miaka sitini na tisa. Mama Kipaza, mtangazaji wa kituo cha mabasi. Miaka ishirini na sita, jamani, akituambia basi lipi linaondoka na nani kasahau mzigo. "Abiria uliyeacha kuku kwenye benchi la nne, rudi haraka. Kuku anaulizia safari." Watu walicheka mpaka wakapitwa na mabasi yao. Sauti yake ilikuwa ya kumtoa nyoka pangoni.

Mumewe ni fundi seremala. Karakana yake iko uani, hatua kumi kutoka jikoni, na ndani yake kuna mashine ya kuranda mbao. Mashine hiyo ina kelele, wasikilizaji wapendwa, wee acha tu! Kila siku saa kumi jioni, Mama Kipaza akirudi kazini, alimpelekea mzee chai hukohuko karakanani na kumsimulia mambo ya kituoni. Mashine inanguruma, naye anapaza sauti juu yake. Bintiye mkubwa aliniambia, "Tulidhani wazazi wote huongea hivyo. Nilipoolewa, mume wangu akaniuliza, mbona unanigombeza? Nikamwambia, sikugombezi, nakuuliza kama umekula."

Mwaka wa kumi na nane kazini, sauti ikaanza kukwaruza. Tangawizi, asali, maji ya chumvi, vyote vilipita kooni humo. Alikohoakohoa kusafisha koo asubuhi hadi jioni. Miezi miwili ikapita, na hospitali hataki kuisikia. Kwa nini? Dada yake alikufa kwa saratani ya koo. Aliogopa kuambiwa neno lilelile. Wahenga walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hofu haisikilizi wahenga.

Basi siku moja, saa kumi, akaingia karakanani na chai. Mzee akaona midomo inacheza, hasikii kitu. Akadhani ni kelele. Akazima mashine. Midomo bado inacheza, na bado hasikii kitu.

"Niliiacha chai palepale," mzee aliniambia. "Nikamwambia, kesho tunakwenda hospitali, utake usitake."

Kesho yake walikuwa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Daktari akapitisha puani mpira mwembamba wenye kamera, wakaiona sauti ya Mama Kipaza kwenye kioo. Nyuzi mbili zinafunguka na kufungika. Na katikati, vinundu viwili vidogo, kimoja kila upande, vinatazamana.

Mama Kipaza akafumba macho. Daktari akasema, "Mama, hii si saratani." Narudia, wasikilizaji wapendwa, haikuwa saratani. Mama Kipaza akalia palepale kitini.

Daktari akamgeukia mzee, akamshika kiganja. "Hizi ni nini, mzee?"

"Suguru hizo. Za randa na msumeno."

"Basi na mkeo ana suguru, ila zake ziko kooni. Nyuzi za sauti zikigongana kwa nguvu kila siku, nazo huota suguru. Anampigia nani kelele?"

Mzee akakitazama kiganja chake. Kisha akasema, "Kazini ana kipaza sauti, daktari. Ni kwangu ndiko anakopiga kelele."

Kisu hakikuhitajika. Daktari alisema upasuaji ni kwa uvimbe usiokubali mazoezi ya sauti. Mama Kipaza akapewa dawa ya kiungulia, maana asidi ya tumbo nayo ilikuwa ikimuunguza koo. Akaambiwa anywe maji, aache kukohoakohoa, apumzishe sauti, kisha aende kwa mtaalamu wa kufundisha sauti.

Apumzishe sauti! Unajua alifanya nini? Akaanza kunong'ona. Akiomba chumvi, ananong'ona. Akigombeza, ananong'ona kwa hasira. Na nyumba nzima nayo ikaanza kumjibu kwa kunong'ona! Jirani alipopita akakuta watu sita wananong'onezana mezani, akatoka mbio kutangaza kwamba mle ndani kuna siri nzito. Wiki mbili hivyo. Mtaalamu aliposikia, akashika kichwa. "Mama, kunong'ona nako kunazikaza nyuzi. Nyamaza kabisa."

Mzee akamrandia vipande vya mbao, laini kama karatasi, akampa na penseli yake ya useremala. Kwenye cha kwanza Mama Kipaza aliandika, "Mgonjwa ni mimi. Nyinyi mnanong'ona nini?"

Alinyamaza siku kumi. Kisha akafundishwa upya kupumua na kuongea bila kulazimisha koo. Mwezi wa nne wa mazoezi, kamera ikarudi puani. Vinundu vimesinyaa, karibu vimekwisha. Akarudi kituoni, akatangaza miaka minane mingine mpaka akastaafu. Na tangu siku ile ya daktari, mzee akawa na sheria moja: saa kumi ikifika, mashine inazimwa.

Jana nilikwenda kumpa pole. Mbao zile anazo zote, sandukuni. Akanipa moja niisome. Mwandiko wa Mama Kipaza, wa siku alizoanza tena kuongea, umefifia: "Zima mashine nikwambie."

Nikamuuliza, alitaka kukwambia nini siku hiyo?

"Hakuna la maana," akasema. "Kwamba mvua inakuja, nianue mbao. Lakini juzi, saa kumi ilipofika, nilizima mashine. Mkono wenyewe tu, mazoea. Nikakaa, namsubiri. Sijaiwasha mpaka leo."

Mzee wetu, wanawe, wajukuu, na wenzake wote wa kituoni, poleni sana. Tulimpenda. Mungu amlaze pema.

Nawe msikilizaji, sauti yako ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, nenda ukaangaliwe. Usikae na hofu peke yako. Na kama hapo nyumbani kuna mtu anayepaza sauti ili umsikie juu ya redio hii, basi izime. Ndiyo, izime sasa hivi, sitakasirika. Msikilize anataka kukwambia nini.