Kifua cha Chuma

Benchi limeegemea ukuta wa banda la fundi baiskeli, na saa kumi na moja jioni, kazi zikiisha, kahawa hufika. Kahawa ikifika, maneno hayana breki. Siku hiyo Chuma aliitangulia kahawa. Alivaa bukta na raba za mazoezi, akakaa pembeni kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Wiki ya pili sasa alikuwa akimuaga mkewe kwamba anakwenda kiwanjani kukimbia, kisha anakata kona na kuja kukaa hapa. Chuma ni mwashi, mtu wa kupanda jukwaa na mfuko wa saruji begani, na jioni ndiye aliyekuwa akiongoza kikundi cha mbio. Kisha mafua yakamshuka kifuani yakawa nimonia. Wiki moja kitanda cha hospitali, wiki tano kitanda cha nyumbani. Dawa alimaliza, homa ikaondoka, ila kikohozi kilibaki kama mgeni aliyekwisha kuaga na bado amesimama mlangoni.

— Leo umekimbia? — aliuliza Spana, mwenye banda, akifuta grisi mikononi.

— Leo sijisikii vizuri.

— Jana nayo?

— Jana jua lilikuwa kali.

Spana akavuta ndoo, akaigeuza, akakaa.

— Sikiliza, ndugu yangu. Kifua ni tairi. Kikikaa bila upepo, mpira unashikana. Wewe panda kile kilima cha tangi la maji mara tatu bila kusimama. Dawa ya moto ni moto.

— Na akianguka njiani? — aliuliza Profesa. Huyu ni karani mstaafu, na jina hilo alipewa kwa sababu hajawahi kukubali kwamba kuna jambo asilolijua.

— Akianguka huko juu, kushuka kutakuwa rahisi.

— Unataka kutuulia mtu. Mimi nasema akae mwaka mzima. Mwenda pole hajikwai, maana yake asiyekwenda kabisa hajikwai hata kidole.

— Methali haisemi hivyo, Profesa — Chuma alisema.

— Inasema. Watu wana haraka, hawaimalizii.

Mama Birika, muuza kahawa, alikuwa akimimina bila kumwaga hata tone.

— Shemeji yangu alikohoa miezi mitatu — alisema. — Akapona siku alipoanza kukimbia kinyumenyume. Kikohozi kilimngojea mbele, yeye huyo kapita nyuma.

— Hilo lina mantiki — Profesa alisema. — Mapafu yana kumbukumbu. Yakiumwa wiki sita yanasahau mbio, inabidi yaanzishwe upya darasa la kwanza. Tena alale amesimama, la kushoto lisilielemee la kulia.

— Alale amesimama wapi? — Spana aliuliza.

— Kabatini.

Chuma akacheka. Kicheko kikashuka kifuani, kikageuka kikohozi, na kikohozi kikamkunja mpaka paji la uso likakaribia magoti. Spana akakipokea kikombe chake kabla hakijamwagika. Chuma akainuka, macho yakiwa na machozi.

— Pole, kaka — Spana alisema kwa sauti ya chini. — Daktari mwenyewe alikwambiaje?

— Nitembee. Dakika kumi kwa siku, mwendo ambao bado naweza kuongea, niongeze kidogo kila wiki. Homa ikirudi au kifua kikiuma, nirudi kwake haraka.

— Basi kazi ndogo.

— Ndogo kwako. — Chuma alivitazama viganja vyake. — Jumatatu nilipanda ngazi kazini, ghorofa ya pili tu. Nikakaa chini. Vibarua wote wakajifanya wanatafuta misumari. Pale kiwanjani kuna watu niliwafundisha mimi kupumua. Wanipite natembea kama kuku aliyenyeshewa?

Akakichukua kikombe chake kwa Spana, akanywa.

— Wala si aibu tu. Nikikaa hapa bado najiambia nikitaka naweza. Nikianza, huenda nikagundua kwamba ndiyo nimeishia hapa.

Profesa alikohoa kidogo kwa heshima.

Wakati huo mwanamke mmoja alikuwa amesimama kando na baiskeli yenye pancha. Ni mshonaji aliyehamia chumba cha mbele ya banda wiki ile, na alikuwa amengoja zamu yake kimya, akisikia yote.

— Samahani, kaka zangu — alisema. — Mimi mgeni, nauliza tu. Huyu ndugu yenu, tangu nihamie namwona hapa kila jioni. Nani kati yenu ametembea naye?

Spana akageukia pampu yake. Profesa aliinama kufunga upya kamba za viatu. Mama Birika alilitikisa birika, akasema kahawa imekwisha, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Spana ndiye aliyeinuka kwanza.

— Dada, pancha yako niachie nusu saa.

— Magoti yangu mabovu — Profesa alisema, huku naye akisimama.

Wakaondoka watatu, Chuma katikati, mwendo wa watu wanaosindikiza maharusi. Walipofika ukuta wa shule, Chuma akashika ukuta, akakohoa, akatema, akahema. Wenzake wakasimama kusoma tangazo la zamani lililochanika, wakalisoma muda mrefu. Kikundi cha mbio kikapita. Msichana wa mbele akapunguza mwendo.

— Shikamoo, kocha.

— Marahaba — Chuma alijibu, na pumzi ilimtosha kuongeza: — Legeza mabega.

Msichana akalegeza mabega, akaendelea.

— Turudi — Profesa alisema. — Mimi ndiye nimekwisha.

Nyumbani Chuma alimkuta mkewe akikunja nguo. Alikaa kitandani bila kuvua raba.

— Leo nimetembea mpaka ukuta wa shule. Kwenda na kurudi, dakika kumi na mbili.

— Na siku zile nyingine?

— Nilikuwa nimekaa, mama watoto. Kibandani kwa Spana.

Mkewe alimalizia shati alilokuwa akilikunja, akaliweka juu ya mengine.

— Ulikwenda na nani leo?

— Spana na Profesa.

— Kesho — alisema — tutakuwa wanne.