Ndizi Sita za Ardo

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Afya wa Jimbo, sisi makuli wa soko la matunda hapa Qardho tunakukaribisha. Anayekusomea ni Bile Shirwa. Shule aliishia darasa la nne, umvumilie.

TULIKOTOKA
Wengi wetu tulikuwa wafugaji. Tulikunywa maziwa ya ngamia. Tunda lilikuwa la mgonjwa. Ukame ulipomaliza ngamia tukahamia mjini, tukazoea wali, tambi na chai ya sukari nyingi. Ndizi zinatoka mashamba ya Afgooye huko kusini, siku tano njiani, vizuizi vya wenye bunduki kila mahali. Nusu zinafika zimeoza.

TULICHOFANYA
Tumejenga banda la kivuli. Zilizopondeka hatutupi tena, tunawapa watoto wa madrasa.

LILILOTUPATA
Mwezi wa Shaabani, Ardo, mke wa mwenzetu Guleed, alikuwa mjamzito na damu imepungua. Muuguzi alimwambia ale maini, mboga na matunda kila siku. Malori yakakwama siku tisa. Lilipofika moja, Guleed alimpelekea ndizi sita.

Siku hiyo kikao chetu kilikuwa kwake. Kwetu wali wa mgeni hautoki jikoni bila ndizi. Zikaja zote sita. Bile akamtania Guleed kwamba ametajirika bila kutuaga. Guleed akaona haya kusema ni za mkewe. Ardo akamjibu Bile kutoka mlangoni, "Ami, wewe kula. Wali mtupu nitampa huyu mume wangu."

Tukacheka, tukala. Bile alimenya ya mwisho.

Ardo alifariki akijifungua, na mtoto hakuishi. Hatusemi ndizi zingemponya. Tunasema zilikuwa zake tukazila, na hakuna aliyeuliza jikoni kumebaki nini.

MAOMBI
Zungumza na wenye vizuizi, lori la matunda lisisubiri. Wodi ya wazazi ipate fungu lake kila lori linapofika. Na ile picha ya tufaha iliyobandikwa kliniki kutuhimiza kula matunda iondolewe. Tufaha hatujawahi kulipakua.

Mwisho, chakula chako leo ni mbuzi na wali mtupu. Tumefanya makusudi. Ndizi zako sita zimo kwenye kikapu hiki. Tunaomba uzipeleke wodini kwa mkono wako, na usimame hapo mpaka wazazi wazile wenyewe. Ukigeuka tu, watampa mgeni.

Mungu amrehemu Ardo na mwanawe, akurudishe salama kwa wanao.

Ni sisi,
Makuli wa Soko la Matunda, Qardho.